Bitana

"Finyeni macho," asema Darlene Vukelich,
"mpaka sura ipotee, zibaki rangi tatu tu:
nuru, giza, na kile kilicho katikati."
Nasi watu tisa, chini ya kanisa la Kilutheri,
kaskazini ya Minesota, mwezi wa pili,
tunafinya macho kama wapishi wa kuni mbichi.

Wendell ameleta picha ya mashine ya kuchimbia,
kubwa kama nyumba, aliyoiendesha miaka thelathini na mmoja.
Corliss ameleta mbwa.
Mimi nimemleta baba, Reino,
mbele ya ngazi za nyuma, theluji magotini,
ameegemea koleo, anamcheka mtu asiyeonekana.

Picha imekuzwa, imebandikwa kwenye kioo cha dirisha.
Nafuatisha mistari kwa penseli, napanga namba:
paji la uso ni kumi na nne,
sikio ni kumi na tano, vipande viwili.
Ajabu kumhesabu mzazi hivi,
kama fundi aliyefungua saa
akiomba skrubu isibaki mezani.

"Theluji si nyeupe,"
Darlene ananipokonya kile kipande cha shuka.
"Tazama tena."
Natazama. Ni samawati, ni majivu,
ni zambarau mahali nyayo zilipopita,
na karibu na ngazi ina wekundu wa kutu,
vumbi la mgodi
lililotufuata hadi ndani ya unga, ndani ya nepi.

Shavu la baba nimelifumua mara mbili.
Mara ya kwanza alitoka mlevi.
Ya pili, maiti.
Ya tatu Wendell akapita na kahawa yake, akasita:
"Huyo Reino. Bado namdai dola nne."
Nikaliacha shavu lilivyo.

Ila chini ya picha kuna doa,
refu, jeusi, linamgusa baba viatuni.
"Hilo likate," asema Darlene, "linaharibu umbo.
Kosa la picha lisirithiwe na mfarishi."
Nami nilishatia mkasi kwenye karatasi
nilipoona doa lina viwiko viwili, vimeinuliwa,
kama chungu chenye masikio,
na kichwani kitambaa, fundo chini ya kidevu.

Mama.

Sylvi wa kamera, miaka yote ile,
harusi, vipaimara, mazishi ya paka,
albamu sita, naye hayumo hata ukurasa mmoja.
Ukimwita, "Njoo nawe upigwe,"
alisema jua linamuumiza macho.
Na jua lilo hilo, toka mgongoni,
likamlaza juu ya theluji
mrefu kuliko alivyopata kuwa,
likamfikisha kwa mumewe
kabla miguu yake haijaondoka.

Usiku nilifungua kabati, nikatoa koti lake.
Sufu imeliwa na nondo. Bitana nzima,
bluu ya usiku, imepauka kwapani tu,
pale alipoinua mikono.
Nikafumua mshono kwa mshono, taa ya jikoni ikivuma,
nikakuta pini ya nywele
iliyopenya tundu la mfuko miaka mingapi sijui,
ikakaa huko, kati ya nje na ndani.

Leo kivuli kimeshonwa.
Nimekipa mshono mdogo kuliko vyote,
kwa mkono, cherehani nikaisogeza kando.
Darlene alirudi nyuma mpaka mlangoni,
akafinya macho, akakawia.
Kisha akaenda kumwonyesha Corliss
namna ya kulikalisha pua la mbwa.

Mapindo bado. Kona moja inavuta,
na baba ana jicho kubwa kidogo, nalijua.
Lakini papasa hapa, chini ya fundo la kitambaa,
kuna kitu kigumu, chembamba,
hakionekani hata ufinye macho vipi.
Nimekirudisha ndani. Nimefunga.